Wito Haulipi Kodi ya Nyumba



Sisi Watanzania tuna tabia moja ya ajabu. Tukitaka kumsema mwanasiasa anayetudanganya, tunasema "huyo analeta usanii". Ahadi hewa ni usanii, mkataba mbovu ni usanii, danadana za bungeni ni usanii. Jina la kazi halali ya watu tumeligeuza kuwa jina la utapeli, halafu tunashangaa kwa nini msanii hathaminiwi.

Leo naomba niongelee kundi la wasanii ambao hata wasanii wenzao huwadharau: wale wanaotengeneza muziki kwa kompyuta, yaani wapika midundo na ma-DJ. Swali ni moja tu. Je, mtu huyu anaweza kuishi kwa jasho lake, akalipa kodi ya nyumba, akasomesha mtoto na akatibiwa anapougua? Jibu langu ni kwamba anaweza, kwa sababu fedha ipo. Kinachokosekana ni karatasi inayomtambua kama mwenye mali, na miongoni mwa wanaomnyima karatasi hiyo tumo sisi wenyewe tulioko ughaibuni. Mimi nikiwa wa kwanza.

Niseme mapema kwamba mimi si mwanamuziki. Mimi ni muuguzi, nina shahada yangu ya uuguzi, nina miaka thelathini na kitu, na naishi Morningside hapa Durban, si mbali na Florida Road. Wanaoujua mji huu wanajua maana yake. Siku za Ijumaa ambazo sina zamu, besi ya vilabu inaingia chumbani kwangu bila hodi. Kwa hiyo muziki huu nausikia nitake nisitake, na kwa muda mrefu nilikuwa nauona kama kelele tu. Yaliyonibadilisha ni haya yafuatayo.

Aprili 2025 Watanzania tunaofahamiana hapa tuliandaa sherehe ya Muungano. Mimi nilikuwa mweka hazina wa kamati. Tulipanga bajeti ya ukumbi, mbuzi, mchele wa pilau, soda, mapambo na vitenge vya sare. Hakuna aliyebishana juu ya bei ya mbuzi. Tulipofika kwenye muziki, mjumbe mmoja akasema, "Yule kijana ni wetu, ataelewa." Wote tukaitikia. Nikaandika kwa mkono wangu mwenyewe: DJ, rand 600.

Kijana alifika na vifaa vyake saa kumi jioni, akapiga mpaka saa tano usiku. Saa saba nzima. Katika ile 600, rand 250 zilikwenda kwenye usafiri wa vifaa na 200 kwenye kukodi spika. Zikabaki 150. Gawanyeni wenyewe kwa saa saba: ni kama rand 21 kwa saa. Wakati huo kima cha chini cha mshahara Afrika Kusini kilikuwa rand 28 na senti 79 kwa saa. Yaani sisi, watu tunaolalamika kila siku kwamba wageni wananyonywa katika nchi hii, tulimlipa mwenzetu chini ya kile ambacho sheria inamtaka mwajiri amlipe mfagizi. Na alipomaliza tulimpigia makofi, tukamfungia pilau.

Miezi miwili baadaye alinipigia simu. "Dada, samahani kukusumbua. Kuna filimbi inalia ndani ya sikio, hainyamazi, hata usiku." Ikabidi nimpe somo tunalofundishwa sisi watu wa afya. Sauti ya desibeli 85 mtu anaweza kufanya nayo kazi kwa saa nane. Kila desibeli tatu zinapoongezeka, muda huo unakatwa nusu. Ukifika desibeli 100 umebakiwa na robo saa tu. Ndiyo maana mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa kumbi za muziki: wastani wa sauti usizidi desibeli 100, watu wapewe vizibo vya masikio, na pawe na sehemu tulivu ya kupumzikia. Huyu mdogo wangu amesimama mbele ya spika saa saba, mwisho wa wiki baada ya mwisho wa wiki, bila kizibo hata kimoja. Nilimsindikiza kliniki, wakampeleka kupimwa. Sikio la kushoto limepungua usikivu.

Sasa angalieni. Mchimba migodi wa nchi hii akipoteza usikivu kwa sababu ya mashine, sheria ya fidia kwa wafanyakazi ya mwaka 1993 inamtambua. DJ anayejitegemea haimo katika sheria hiyo, kwa sababu hana mwajiri. Sikio ndilo jembe lake, na jembe likivunjika hakuna wa kumlipa. Hana likizo ya ugonjwa, hana mfuko wa uzeeni. Mchana anaosha magari, usiku anapika midundo kwenye laptopu ambayo kioo chake kimepasuka.

Wapo watakaosema, "Si ameamua mwenyewe? Anafanya kwa mapenzi." Hapo ndipo ninapotaka tuelewane vizuri, kwa sababu maneno hayo nayafahamu sana. Sisi wauguzi tumeambiwa maneno hayo hayo kwa jina lingine. Tunaambiwa kazi yetu ni wito. Ukidai posho ya usiku, unaambiwa kumbuka wito. Ukidai glavu, wito. Lakini dada zangu wakubwa kazini hapa wananisimulia mwaka 2007, ulipofanyika mgomo mkubwa wa watumishi wa umma wa Afrika Kusini. Mwaka huo huo ndipo wauguzi walipopata mfumo wao mpya wa mishahara unaotambua taaluma yao. Wito wao haukupungua hata chembe, ila walikuwa na chama, ngazi za mshahara na hati ya malipo kila mwezi. Mimi na yule kijana wote tunaipenda kazi yetu. Tofauti kati yangu na yeye ni kwamba mimi nina karatasi.

Mkitaka kuona karatasi inavyoweza kuamua maisha ya mtu na wajukuu zake, msiende mbali na mkoa huu wa KwaZulu-Natal. Solomon Linda, mzaliwa wa Msinga, alirekodi wimbo wa "Mbube" mwaka 1939 kule Johannesburg. Haki za wimbo zilikwenda kwa shilingi 10. Wimbo ukazunguka dunia, ukabadilishwa jina na maneno, ukaingia mpaka kwenye filamu za Hollywood. Mwenyewe alifariki 1962 akiwa maskini. Mabinti zake walifika kwenye makubaliano ya fidia mwaka 2006, na kilichowasaidia si huruma ya mtu, bali kifungu katika sheria ya zamani ya Kiingereza ya 1911, kilichosema haki hurudi kwa warithi miaka 25 baada ya mtunzi kufariki. Karatasi moja iliwanyima na karatasi nyingine ikawarudishia.

Mtaniambia hayo ni ya zama za sahani za santuri. Haya, tuje kwenye muziki wa kompyuta wenyewe. Durban ndiyo iliyozaa gqom, mdundo mzito uliopikwa na vijana wa vitongojini kwenye kompyuta za kawaida vyumbani mwao. Redio zilikuwa bado haziutaki, teksi za huku, ambazo ni kama daladala zetu, zikaubeba. DJ Lag, kijana wa Clermont, nje kidogo ya jiji hili, alitoa "Ice Drop" mwaka 2016. Mwaka 2019 alishiriki katika albamu ya Beyoncé iliyoambatana na filamu ya The Lion King. Lakini Januari 2021 ikabidi msanii mkubwa wa Marekani, will.i.am, aombe radhi hadharani, kwa sababu mdundo wa "Ice Drop" ulikuwa umetumika katika wimbo mwingine bila ruhusa ya mwenyewe. DJ Lag alikuwa tayari na jina, alikuwa na watu wa kumsemea, na mtandao mzima ulipiga kelele. Je, yule ambaye hana jina nani angempigia kelele?

Nyumbani nako hali ni hiyo hiyo. Singeli imetoka Manzese, Tandale na Mburahati, kwenye vigodoro ambavyo polisi walikuwa wakivitawanya. Mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilitoa mkusanyiko wa "Sounds of Sisso" kutoka studio ya Sisso, na tangu hapo vijana wa Uswahilini wanapanda majukwaa ya Ulaya. Sisemi kwamba wameibiwa, na wala sina ugomvi na lebo hiyo, imewafungulia mlango ambao sisi wenyewe tulikuwa tumeufunga. Nasema tu kwamba Jay Mitta alipotoa albamu yake mwaka 2019 aliipa jina "Tatizo Pesa". Sidhani kama alikuwa anatania.

Yule mdogo wangu wa hapa Durban naye ana wimbo wake. Alipika mdundo, akamtumia kijana mmoja wa Tandika kwa WhatsApp, yule akaimba juu yake. Alitumiwa shilingi 30,000 kwa simu, mara moja, basi. Wimbo ukashika kwenye vigodoro. Binamu yangu alinitumia video ya harusi Tanga watu wakiucheza, bila kujua kwamba aliyeutengeneza ndiye niliyemlipa rand 600. Wimbo umepandishwa mtandaoni kwa jina la mwimbaji peke yake. Jina la mpika mdundo halipo popote. Kwa maneno mengine yeye ni kama fundi aliyejenga ukuta: amelipwa ujira wa siku, nyumba si yake, na kodi ya nyumba ataikusanya mwingine.

Hilo ndilo kosa ninalotaka tuliangalie. Katika muziki wa kompyuta mdundo si ukuta tu. Mdundo ndio nyumba yenyewe. Ukiondoa sauti ya mwimbaji kwenye gqom au singeli, mara nyingi watu wataendelea kucheza. Ukiondoa mdundo, wataketi. Lakini tumezoea kumhesabu mwenye sauti na mwenye sura kuwa ndiye mwenye wimbo, na aliyekesha na kompyuta kuwa ni kibarua.

Sasa nijibu hoja za upande wa pili, maana najua zipo.

Hoja ya kwanza: mbona wengine wamefanikiwa? Black Coffee alizaliwa Umlazi hapa hapa, na mwaka 2022 alichukua Grammy. Ni kweli, na tunajivunia. Lakini mimi hospitali siipimi kwa mgonjwa mmoja aliyetoka akiimba. Naipima kwa wodi nzima. Fani ambayo mmoja anapaa na wengine wote wanaosha magari bado ni bahati nasibu, haijawa ajira.

Hoja ya pili: intaneti imemaliza tatizo, kila mtu apandishe wimbo wake alipwe. Jamani, tusidanganyane. Spotify, kwa mfano, hailipi bei maalum kwa kila wimbo unaposikilizwa. Inagawa fungu, na makadirio yanayotajwa mara nyingi ni kama dola 3,000 hadi 5,000 kwa kusikilizwa mara milioni moja, kabla ya kugawana na wenzako. Tena msikilizaji wa Afrika, anayelipia bei ndogo au halipii kabisa, huleta kidogo zaidi. Na tangu 2024 wimbo usiofikisha kusikilizwa mara 1,000 katika miezi 12 haulipwi kitu. Kijana anayeanza anatoa nyimbo nyingi ndogo ndogo, kila moja ikiwa na wasikilizaji mia chache. Kwa utaratibu huo, jasho lake lote ni sifuri. Na hata hicho kidogo kinakwenda kwa mwenye jina kwenye karatasi.

Hoja ya tatu ni ngumu, na siwezi kuikwepa. Hawa wapika midundo nao si malaika. Singeli imekua kwa kukata vipande vya taarabu na kuvikimbiza. Wale wazee wa taarabu waliopiga kinanda na fidla, nani aliwalipa? Ni swali la haki, na jibu langu ni kwamba linaunga mkono hoja yangu badala ya kuivunja. Mtu ambaye hajawahi kutambuliwa kama mwenye mali atajuaje kutambua mali ya mwenzake? Ukimfundisha kijana kwamba mdundo ni hati, atajua kwamba na kile kipande cha taarabu ni hati ya bibi fulani. Haki ikianza, ianze kwa wote.

Nini kifanyike? Naona mambo matatu.

Kwanza, karatasi ya mgawanyo. Ukurasa mmoja tu: jina la wimbo, nani alifanya nini, kila mmoja ana asilimia ngapi, tarehe, sahihi. Iandikwe kabla wimbo haujatoka chumbani, kwa sababu wimbo ukishashika kila mtu anakuwa mtunzi. Kisha wimbo usajiliwe. Hapa Afrika Kusini milango ni mingi mno: SAMRO, iliyopo tangu 1961, inashughulika na utunzi unaopigwa hadharani, CAPASSO na unakiliji, SAMPRA na rekodi yenyewe. Mpika midundo mara nyingi ni mtunzi na pia mwenye rekodi, kwa hiyo ana haki mlango zaidi ya mmoja, lakini haendi hata mmoja. Nyumbani tuna COSOTA, iliyoundwa kwa sheria ya 1999, na mwanzoni mwa 2022 tuliiona ikigawa mirabaha kwa wasanii. Asiyesajiliwa hana cha kusubiri.

Pili, orodha. Klabu inaweza kulipia leseni ya muziki, lakini DJ akipiga nyimbo sitini usiku mmoja na hakuna aliyeandika hata moja, fedha hiyo itamfuataje mwenye wimbo? Uholanzi na Ujerumani kuna kumbi zilizowekewa vifaa vinavyotambua nyimbo zinazopigwa. Hatuwezi kusubiri vifaa hivyo vifike Mburahati, lakini DJ na ukumbi wanaweza kuandika orodha, na vyama vya hakimiliki viipokee.

Tatu, kinga. Ujerumani tangu 1983 ina mfuko wa bima ya wasanii wanaojitegemea. Msanii analipa nusu ya mchango kama mfanyakazi wa kawaida, nusu nyingine inatoka serikalini na kwa makampuni yanayotumia kazi za sanaa. Ireland mwaka 2022 ilianza majaribio ya kuwapa wasanii 2,000 euro 325 kila wiki. Mtasema hizo ni nchi tajiri. Sawa. Lakini wazo la kwamba anayetumia sanaa achangie bima ya anayeitengeneza halihitaji utajiri, linahitaji nia. Hapa Afrika Kusini muswada wa kurekebisha sheria ya hakimiliki ulipitishwa na bunge, ukarudishwa na Rais 2020, ukapitishwa tena 2024, Rais akaupeleka Mahakama ya Katiba. Wakati wakubwa walipokuwa wakipelekana huko, masikio ya watu yaliendelea kulia.

Lakini sipendi kumaliza kwa kuilaumu serikali peke yake, maana sisi watu wa ughaibuni hiyo ndiyo kazi tunayoiweza sana. Serikali haikuwa kwenye kamati yetu. Aliyeandika 600 ni mimi. Kila wiki mahali fulani, Durban, Dubai, London au Minneapolis, kuna kamati ya harusi au sherehe ya uhuru inayomwambia kijana fulani "wewe ni wetu". Mtu akiwa wetu ndipo tunapaswa kumlipa vizuri, siyo ndipo tumpunje. Tumwandikie bei, tumpe nusu kabla, tumlipie spika, na tumuulize kama ana vizibo vya masikio.

Nilirudi kwa yule mdogo wangu na kumwongezea kutoka mfukoni mwangu. Alikataa mara mbili, "Aa, dada, yameshapita," mara ya tatu akapokea. Kwenye kikao kilichofuata nilipendekeza malipo ya DJ yaandikwe juu ya mapambo. Mzee mmoja aliguna, lakini ilipita. Kisha tukakaa wawili jikoni kwangu, tukaandika ukurasa mmoja wa mgawanyo wa ule wimbo, nusu kwa nusu, tukaupiga picha na kumtumia mwimbaji kule Tandika.

Ameusoma. Bado hajajibu. Wimbo unaendelea kupigwa.